Chumba cha Matofali Mapya

Majuma machache baada ya kumzika Wafula, mwanawe Barasa, mtoto wa kwanza wa dada yangu, alikuja nyumbani na kijana wa kupima. Kijana alikuwa na kifaa kidogo mfano wa rimoti. Akikielekeza ukutani kinatoa nukta nyekundu, naye anasoma tarakimu. Alipima sebule, akapima chumba cha kulala, akapita jikoni nilikokuwa nachambua kunde, akaingia chumba cha nyuma. "Hii iliongezwa, si ndiyo?" nikamsikia akimuuliza Barasa. "Matofali yanabadilika hapa." Barasa akamjibu kwamba ndiyo, iliongezwa kitambo, yeye akiwa mtoto. "Yote inabomolewa tu, mzee," kijana akasema. "Tukiweka ghorofa saba, huku chini tunaweka maduka." Waliongea kwa sauti ya kawaida, na mimi sikukasirika. Mtaa wetu, huu ulio kati ya Makongeni na mahakama ya Makadara, umebaki na nyumba za chini chache sana, na zilizobaki hazipati jua kwa sababu ya maghorofa yaliyozizunguka. Nilijua siku yetu itafika. Lakini kijana alipogonga ukuta wa chumba kile kwa konzi, kusikiliza kama ni imara, niliacha kuchambua kunde. Mwaka mzima wa kukijenga ulinirudia.

Nyumba zile zilijengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi, mstari mmoja mrefu wa matofali mekundu, ukuta mmoja ukitumikia jamaa mbili. Mbele sebule, nyuma yake chumba cha kulala chenye kidirisha juu karibu na dari, kisha jiko, kisha ua mdogo wa saruji wenye kamba ya nguo, choo, na mlango wa mbao unaofungukia kichochoro. Miaka ya sabini ilipokaribia kwisha wapangaji waliruhusiwa kuzinunua, na Wafula, ambaye alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni, aliinunua yetu. Ninasema yetu sasa. Wakati ule ilikuwa ya dada yangu Nekesa na mumewe, na mimi nilikuwa mgeni wa kudumu, msichana wa miaka ishirini na miwili anayelala kwenye kochi la sebuleni, Barasa na mdogo wake Nafula wakilala kwenye godoro chini yangu. Wekesa, kitindamimba, alikuwa bado ananyonya. Asubuhi nilipanda basi kwenda mjini, ambako nilifanya kazi kwa msanifu majengo mmoja. Kazi yangu ilikuwa kunakili ramani za wengine kwa wino juu ya karatasi inayopitisha mwanga. Nilikuwa nimesomea uchoraji wa majengo, msichana peke yangu darasani, na nilikuwa sijawahi kuchora hata banda la kuku lililokuwa langu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Nekesa alianza kuvimba miguu baada ya kumzaa Wekesa. Tulidhani ni uzazi, kisha akawa hawezi kutoka jikoni hadi sebuleni bila kushika ukuta na kuhema. Daktari alisema ni moyo: mlango mmoja wa ndani haufungi sawasawa, pengine tangu utotoni, na kila mimba imeuchosha zaidi. Kulikuwa na vidonge vya kupunguza maji mwilini, na baada ya vidonge hivyo hakuna kingine alichotutajia. Alikatazwa chumvi. Basi nyumba nzima tukaacha chumvi, kwa sababu Wafula alisema mkewe hatakula sahani yake peke yake kama mfungwa. Hadi leo naikumbuka ile mboga ya mrenda isiyo na ladha, ikivutika kutoka kwenye tonge la ugali, na Wafula akila kwa bidii, akisema, "Leo imekolea, Mama Barasa," na dada yangu akicheka hadi akakosa pumzi. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, katika chumba kile kisicho na hewa, na sisi upande wa pili wa ukuta tulizoea kulala tukimsikia akivuta hewa kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

Wazo la chumba cha nyuma lilitoka kwake. Tulikuwa tunakunywa chai, Jumapili, baada ya kanisa. Alimwambia Wafula kwamba anataka chumba upande wa ua, chenye dirisha kubwa, jua liingie asubuhi. Wafula akasema ni sawa, hata bila kufikiri. Angekubali hata kama angeomba mto upite sebuleni. "Na atakayechora ni Nanjala," Nekesa akasema. "Tuna mchoraji ndani ya nyumba, tutafute mwingine wa nini?" Nilijitia kukataa, nikasema kuna wakubwa wa jiji wanaopaswa kuidhinisha, na kwamba lazima ramani ipitie mkononi mwa msanifu wangu, lakini ndani nilikuwa nimewaka. Usiku huohuo sikuota kitu kingine ila kuta.

Nilianza kwa kupima ua. Haukuwa ua wa kuchezea. Katikati yake, karibu na ukuta wa Mama Mutua, kulikuwa na kifuniko cha chuma cha bomba la majitaka linalopita nyuma ya mstari wote wa nyumba, na juu ya kifuniko kama hicho huruhusiwi kujenga. Tena Mama Mutua mwenyewe, jirani yetu Mkamba ambaye mumewe alichonga swala na twiga wa mbao kwa ajili ya watalii, alikuja amefunga leso kifuani na kusimama juu ya kile kifuniko. "Mimi sina shida na chumba, msichana wangu," akaniambia. "Mgonjwa ni wetu sote. Shida yangu ni jua. Baba Mutua anachonga hapo dirishani kwangu asubuhi. Ukiniwekea ukuta, atachonga swala wenye miguu mitano." Tulicheka, lakini nililazimika kufikiri. Mwishowe nilikivuta chumba nyuma upande wake, nikakikunja kukwepa kifuniko, nikalilaza paa ili upande wake uwe chini, na mfereji wa kuyaleta maji ya mvua kwetu. Kule kukunja kukaniachia kipembe kimoja chembamba kando ya dirisha ambacho sikujua nikifanyie nini. Niliandika: kabati.

Jioni nilimpelekea Nekesa michoro kitandani. Aliishika karibu na taa na kuniuliza maswali ambayo hata wakubwa wangu ofisini hawakuwahi kuniuliza. Mlango unafungukia wapi? Mtu akiwa jikoni atamsikia mtoto aliye ndani? Dirisha hili, mtu akiwa ameketi kitandani anaona nini? Nilimwambia nimelishusha makusudi ili yeye, kwa vile hawezi kulala chali, aone mbingu na mti wa mvinje ulio ng'ambo ya kichochoro. Alitikisa kichwa. "Usinifikirie mimi. Kama kingekuwa chako, ungeliweka wapi?" Nikasema ningelipandisha kidogo, niweke meza chini yake. "Basi lipandishe." Na kitanda? Kiwe kikubwa au kidogo? Rangi ya kuta? Nilidhani ni mchezo, kwamba anapumzisha akili na ugonjwa kwa kuingia katika ndoto zangu, na nilimpa ndoto hizo zote, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye kile kipembe akasoma neno kabati na kulifuta kwa kidole chake kilichovimba. "Hapa weka meza yako ya kuchorea."

"Meza ya kuchorea ya nini chumbani kwako, dada?"

"Utakuwa unakuja kukaa na mimi," akasema.

Mwezi ule ulikuwa mzuri, na inaniuma kusema hivyo. Ofisini nilinakili haraka kazi ya watu ili nipate muda wa kazi yangu. Nilijifunza jinsi ukuta mpya unavyoshikanishwa na wa zamani, tofali kwa tofali, meno yakiingiliana, ili usije ukaachana nao mvua ikija. Nilizunguka nikitafuta matofali yanayokaribia wekundu wa yale ya wakoloni, nikakosa. Mapya yote yalikuwa mekundu kupita kiasi. Msanifu wangu aliutazama mchoro wangu wa mwisho, akasahihisha kimo cha mahali pamoja, akatia sahihi bila neno, na kwake yeye kukaa bila neno kulikuwa ni sifa.

Senge Rasoa, dada wa baba yetu, alifika kutoka Bungoma wakati ramani iko kwa wakubwa wa jiji ikingoja muhuri. Tulimwita senge kama Wabukusu wanavyomwita shangazi, na hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kumkatalia jambo. Alikuja na kuku wawili na unga wa wimbi, akachukua jiko, akachukua na sauti ya nyumba. Siku moja nilikuwa uani naweka vigingi na uzi pale msingi utakapochimbwa. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi juu ya kichwa changu. Nekesa alikuwa ameletwa kuketi jikoni, na Senge alikuwa akisaga wimbi.

"Amekubali?" Senge akauliza.

"Wafula? Analia tu. Kila nikianza anatoka nje."

"Mwanamume atakubali. Nauliza mtoto."

"Bado sijamwambia. Acha kwanza chumba kikamilike. Nimemwachia achore anavyopenda mwenyewe, Senge. Kila kitu nimemuuliza. Sitaki alale kwenye kitanda changu."

"Umefanya vizuri. Watoto hawatajua tofauti, huyu mdogo hasa. Damu ni ileile."

Nilibaki nimechuchumaa, nimeshika uzi. Sikuelewa mara moja. Nilielewa kidogo kidogo, nikitazama vile vigingi: hapa mlango, hapa kitanda ambacho nilisema kiwe kikubwa, hapa meza yangu. Nilikuwa nimejichorea kwa mkono wangu chumba cha mke wa Wafula, na nilikuwa nimejichorea vizuri.

Sikungoja Senge aondoke. Niliingia jikoni na vumbi mikononi, na dada yangu aliponiona usoni alimwambia Senge akamtazame mtoto. Tulibaki wawili, na jiwe la kusagia kati yetu.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia."

"Afadhali. Nilikuwa sijui nianzie wapi."

"Hukuniuliza, dada."

"Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningesema hapana."

"Ndiyo maana." Akavuta pumzi; kila sentensi ilimgharimu. "Mimi pia sikuulizwa, Nanjala. Hakuna aliyekuja hapa kuniuliza kama nataka kufa. Kufa kwenyewe nimekuzoea. Kinachoniamsha ni mwanamke nisiyemjua. Namwona kabisa. Anampiga Nafula na mwiko. Anampa Wekesa chakula baada ya wote. Wafula hatasema kitu, unamjua, ni mtu mzuri lakini hasemi kitu. Wewe utasema."

"Nina kazi yangu. Nina maisha yangu."

"Ndiyo maana nikasema uweke meza," akasema, na nikaona kwamba aliamini kweli, kwamba alifikiri amenipangia yote, na maisha yangu ameyatengea kile kipembe kando ya dirisha.

Niliondoka siku ileile. Nilihamia kwa rafiki wa ofisini ambaye baba yake alikuwa na nyumba ya wafanyakazi wa reli kule Makongeni, mwendo mfupi tu, karibu kiasi kwamba upepo ukivuma upande wetu nilinusa sabuni kutoka kiwanda cha Wafula. Niliapa sitarudi. Nilikula chakula chenye chumvi na nikalala kitandani. Mchana nilinakili ramani za watu. Nilijaribu hata kumwandikia dada barua, na kila nilipoanza niliona vidole vyake vikifuta neno kabati. Kisha jioni moja nilimkuta Senge Rasoa amesimama mlangoni kwa rafiki yangu, kilemba kimekaa upande, yeye ambaye hakuwahi kutoka nje hivyo. "Amelazwa," akasema. "Anakuita." Njia nzima hakunigombeza hata mara moja, na hapo ndipo nilipojua.

Nekesa alikuwa ameketi kwenye kitanda cha hospitali, midomo ya buluu, akiwa ameinamia meza ndogo ya chakula kwa sababu hakuweza tena kuegemea nyuma. Hakunitajia chumba. Hakunitajia Wafula. Aliniomba nimsuke nywele, maana zilikuwa zimetimka na wauguzi hawakuwa na nafasi. Nilimsuka matuta, naye akilala kifudifudi juu ya meza ile, na nilipofika tuta la mwisho akasema, "Nanjala, mkono wako ni mwepesi." Ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake. Alifariki kesho yake, mimi nikiwa kazini.

Tulimzika kwao Wafula, Bungoma, mvua ikinyesha. Tuliporudi Nairobi ramani ilikuwa imerudi nayo, na muhuri wa jiji juu yake. Senge alipika jioni ile, na kwa kuwa hapakuwa tena na sababu, alitia chumvi. Tuliketi sebuleni. Barasa alionja akasema, "Iko na chumvi," akaweka tonge chini. Hakuna aliyemaliza sahani yake. Wafula alitoka akaenda kusimama uani kati ya vigingi vyangu.

Nilidhani atauacha ujenzi, lakini matofali yalikuwa yameshanunuliwa, na nadhani hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Fundi alianza. Mimi nilikuwa nimerudi kulala kwenye kochi, kwa ajili ya watoto, kwa muda tu, nilijiambia, na ofisini nilikuwa nimeomba likizo. Wekesa alikuwa amekataa chupa kabisa, anakunywa uji kwa kijiko mkononi mwangu tu. Kuta zilipofika usawa wa kichwa, kabla ya paa, Wafula aliniita uani fundi akiwa ameenda kula. Tulisimama ndani ya chumba kile, mbingu juu yetu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuwa peke yetu.

"Shemeji," akasema, "mimi sikupanga hili."

"Najua."

"Aliniambia nikatoka nje. Akaniambia tena nikatoka tena. Sasa Senge anasema ni neno la marehemu." Alikuwa anakwangua saruji iliyokauka kwenye tofali kwa ukucha. "Ukitaka kwenda, nenda. Nitawaambia ni mimi niliyekataa. Waninunie mimi."

Hakuna mtu mwingine aliyenipa mlango mwaka ule. Aliufungua mwenyewe, mtu yule asiyesema kitu, na aliufungua kweli.

"Na watoto?" nikauliza.

"Barasa atabaki na mimi. Nafula na Wekesa wataenda kwa mama."

Mama yake nilikuwa nimemwona mazishini. Alikuwa kipofu, akiongozwa kwa fimbo na mjukuu. Nilitazama kuta nilizozichora. Nilisikia Nafula jikoni akimwimbia Wekesa, akikosea maneno. Nilitaka sana kwenda. Nataka ijulikane hivyo. Sikuwa na moyo wa mtakatifu hata kidogo. Nilitafuta sentensi ya kuagia na kila niliyoipata iliishia kwa yule bibi kipofu.

"Mwambie fundi hili dirisha amelipunguza," nikasema. "Kwenye ramani ni pana kuliko hivi."

Wafula alilitazama dirisha. Kisha akafunika uso kwa mikono yake yenye saruji, na mimi sikwenda kumshika. Tulikuwa watu wawili waliofungiwa pamoja, na bado hatukujua hata tuitane nani.

Sikurudi ofisini. Msanifu alingoja kiasi, kisha akamwajiri mwingine. Mahari ilipelekwa kimyakimya, hapakuwa na harusi, Senge alirudi kwao ameridhika. Chumba kilipauliwa mabati, kikapigwa plasta, na ile rangi ya krimu niliyoitaja katika mchezo wangu na dada Wafula aliipaka mwenyewe, kwa kuwa alikuwepo siku ile nikiitaja. Hakuna aliyeleta meza. Katika kile kipembe tuliweka kitanda cha Wekesa, kikaingia sawasawa.

Kisha wakubwa wa jiji walimtuma mkaguzi kuangalia kama tumejenga kama tulivyochora. Alikuwa mtu mzima, mpole, na ramani yangu chini ya kwapa. Aliifungua juu ya kitanda, akazipima kuta kwa macho na kwa utepe, akainama kwenye kona pale matofali mapya yalipong'ata ya zamani, akatoka nje kuangalia maji ya paa yanakoelekea na kile kifuniko cha majitaka kilivyokwepwa. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Nilikuwa nimeleta chai, nimesimama na sinia mkononi na Wekesa mgongoni, katika khanga mbili.

"Hii kazi ni safi," akamwambia Wafula. "Ua mdogo hivi, na jirani hajazibiwa mwanga. Nani alikuchorea?"

Wafula aliniangalia, akaangalia sinia, akaangalia chini. "Shemeji yangu," akasema.

"Yuko hapa Nairobi? Mwambie aje anione. Tunatafuta wachoraji pale kwetu, na wazuri hawapatikani."

Wafula aliniangalia tena. Alikuwa ananingoja mimi. Aliniachia nafasi yote ile, kama alivyoniachia siku ile uani. Wekesa alijigeuza mgongoni, akalaza shavu lake la moto kwenye shingo yangu na kuanza kusinzia.

"Hayuko hapa tena," nikamwambia mkaguzi, nikiweka kikombe mbele yake. "Utaongeza sukari?"